Ua la Mlangoni na Vijana Wanaoondoka



Swali lililotufanya tuandike tafakari hii lilitoka kwa mwenzetu mmoja, siku tulipokuwa tukigawana kazi za kupamba kanisa. Alisema: "Maua hayaliwi. Kiwanja chetu ni kidogo, na sisi ni wengi. Kwa nini tuyape maua mahali ambapo mama angepanda mihogo?" Hakuwa akifanya mzaha, wala hakuna aliyecheka. Wengi wetu tunatoka katika nyumba ambamo pondu ya jioni hutegemea mashina machache yaliyo nyuma ya jiko. Kwa hiyo hatutaki kumjibu kwa maneno matamu juu ya uzuri wa viumbe. Tumbo tupu halisikilizi maneno hayo, na lina haki.

Tuanze basi na kiwanja chenyewe jinsi kilivyo. Anayetembea hapa Isangi, tangu ufukoni ambapo maji ya Lomami huingia katika mto Kongo mpaka nyumba za mwisho zilizo karibu na msitu, ataona kwamba mbele ya kila nyumba udongo umefagiliwa hata ukabaki mtupu. Ndivyo tulivyolelewa: nyoka aonekane kabla hajafika mlangoni, na mgeni ajue kwamba humu mna watu. Lakini kando ya uwanja huo uliofagiliwa hakukosi kitu kinachochanua. Kuna hibiskusi nyekundu iliyopandwa iwe uzio. Kuna mchaichai, lenga-lenga, kongo-bololo kwa ajili ya dawa, waridi moja ndani ya sufuria iliyotoboka, bugenvilia iliyopanda juu ya paa la jiko. Na nyuma kabisa kuna miti miwili mitatu ya kahawa, iliyopandwa na mtu ambaye ameshakufa.

Kiswahili kimetupa neno moja kwa mambo haya yote. Ua ni lile linalochanua. Ua ni uzio. Ua tena ni uwanja uliomo ndani ya uzio. Ni wingi tu unaoyatenganisha: maua na nyua. Katika hibiskusi ya uzio maana hizo hukutana katika mmea mmoja, unaomzuia mbuzi wa jirani na kila asubuhi kuchanua. Ua lake moja hudumu kwa kawaida siku moja. Hufunguka kunapokucha, hujikunja jioni, na kesho yake limeanguka. Kichaka huonekana kuwa na maua daima kwa sababu hakichoki kutoa mengine, nacho huyatoa kwenye matawi mapya. Ndiyo maana uzio usiopogolewa huwa mrefu na mwembamba, mtupu chini, na maua yake yote yako juu mahali ambapo ni ndege tu wanaoyaona.

Mwenzetu aliposema kwamba maua hayaliwi, mama mmoja aliyekuwa akisikiliza alimwuliza jana alikula nini. Alikula ngai-ngai na samaki. Ngai-ngai ni ndugu wa hibiskusi ya uzio, wa ukoo uleule. Ukiiacha isichumwe majani yote, hutoa ua la rangi hafifu lenye moyo mwekundu uliokoza, na vikombe vyekundu vinavyobaki baada ya ua kuanguka ndivyo vinavyochemshwa kuwa kinywaji cha bisapu. Marakuja nayo hupanda juu ya uzio ikiwa na ua ambalo wamisionari wa kale waliona ndani yake taji la miiba na misumari ya Mateso ya Bwana, na hata jina lake katika lugha za Ulaya likatoka huko. Kwa hiyo mpaka kati ya mmea wa kuliwa na mmea wa kutazamwa hauko wazi kama tulivyodhani katika mkutano. Lakini tukiri pia kwamba hoja hiyo haimalizi swali. Bugenvilia haimlishi mtu. Waridi halimlishi mtu. Kuna mimea tunayoitunza bila kupata kitu cha kutia chunguni.

Hapa turuhusiwe kukaa kidogo juu ya mti wa kahawa, kwa sababu hakuna kichaka cha maua kilicho chetu zaidi ya hiki, na vijana wengi hatukijui. Mwaka 1900 nyumba moja ya biashara ya mimea iliyokuwa Brussels, ya ukoo wa Linden, ilianza kuuza miche ya kahawa iliyoipa jina la robusta, maana yake yenye nguvu. Asili ya miche hiyo ilikuwa Kongo, na habari zake hulitaja bonde la Lomami, mto huu huu tunaouoga. Ikapelekwa Java, ambako kuvu ya kutu ya majani ilikuwa imekwisha kuangamiza kahawa ya arabika, nayo ikastahimili. Leo robusta ni kama asilimia 40 ya kahawa yote inayovunwa duniani, na nchi inayoongoza kuilima ni Vietnam. Kwetu imebaki miti miwili mitatu nyuma ya jiko. Hatusemi hivyo ili tulalamike. Tunasema ili kijana anayepita kando ya mti huo akienda kuteka maji ajue anapita kando ya nani.

Tena kahawa huchanua kwa namna ya pekee. Vichipukizi vya maua hujitokeza kwenye vifundo vya matawi, vidogo, vya kijani, kisha husimama pale kana kwamba vimelala. Kwetu, karibu kabisa na ikweta, mvua haikosekani kwa muda mrefu. Lakini kati ya Desemba na Februari hupungua, na mti hukaa na kiu kidogo. Mvua ya kwanza yenye nguvu ikishuka, baada ya wiki moja hivi vichipukizi vyote hufunguka pamoja. Tawi zima huwa jeupe, na harufu yake ni kama ya asumini. Siku mbili, labda tatu, kisha petali hugeuka rangi na kuanguka. Aliyesafiri wiki ile hakuona kitu. Na jambo jingine: ua la robusta haliwezi kuzaa kwa chavua ya mti wake mwenyewe. Arabika huweza, robusta lazima upepo au nyuki walete chavua kutoka mti mwingine ulio tofauti nao. Mwenye mti mmoja peke yake atapata maua mengi na kahawa kidogo sana, isipokuwa jirani naye awe na wake. Babu zetu waliopanda miwili mitatu, na jirani miwili mitatu, walikuwa na hekima ambayo hawakuhitaji kuisoma kitabuni.

Sasa tuseme kidogo juu ya utunzaji wenyewe, kwa kuwa kupenda maua bila kuyajua ni mapenzi ya mdomoni.

Udongo wetu hudanganya. Mtu akiuona msitu mrefu hudhani chini yake kuna utajiri usiokwisha. Yangambi, ndani ya teritware yetu hii ya Isangi, kumekuwa na kituo cha utafiti wa kilimo tangu miaka ya 1930, kilichoitwa kwanza INEAC na sasa INERA, na moja ya mambo yaliyojulikana huko mapema ni hili: udongo wa nyanda hizi una mchanga mwingi, una asidi, na mvua inayofikia kama milimita 1,800 kwa mwaka imeuosha rutuba yake. Utajiri wa msitu uko katika majani yanayooza juu ya ardhi. Sisi tunafagia majani hayo kila asubuhi, tunayarundika pembeni na kuyachoma. Hatushauri mtu aache kufagia. Mama zetu wasingetuelewa. Lakini majani yaliyofagiliwa yawekwe chini ya uzio, kuzunguka mashina, unene wa kiganja, bila kugusa shina lenyewe. Maganda ya ndizi na ya mihogo yaende huko. Jivu kidogo la jikoni hupunguza asidi. Kidogo, si ndoo nzima. Baada ya mwaka, udongo ulio chini ya hibiskusi huwa mweusi, na minyoo hurudi bila kuitwa.

Bugenvilia ni ya tabia nyingine. Kile tunachokiita ua lake, chekundu au cha zambarau, ni majani yaliyobadilika rangi; ua la kweli ni lile dogo jeupe lililo katikati. Kwao ni Amerika ya Kusini, na maji mengi huifanya itoe majani tu. Huku kwetu inafaa ikae chini ya ukingo wa paa au ndani ya chombo kilichotobolewa chini, ipate jua lote na kiu kidogo. Wanaoipenda kwa rangi wajue kwamba msitu wetu wenyewe unayo musaenda, kichaka kinachotambaa ambacho ua lake dogo huzungukwa na kipande chekundu kama kitambaa. Bustani za nchi za mbali huinunua. Sisi huikata tukifungua njia.

Tukitaka kuzidisha hibiskusi, hatuna haja ya fedha. Tunachagua tawi lililokomaa lenye unene wa kalamu, tunakata kipande cha urefu wa shibiri moja chini kidogo ya kifundo, tunaondoa majani isipokuwa mawili ya juu, tunakizika hadi nusu katika udongo laini kivulini, na tunamwagilia bila kufurikisha. Wiki nne hadi sita zikipita, ukikivuta taratibu nacho kikakataa, kimeshika mizizi. (Makopo yanayokaa na maji bila tundu chini tuyaepuke, hayo yanafuga mbu, na malaria haina habari na nia yetu njema.) Kahawa pia huweza kupandwa kwa kipande cha tawi, lakini ina sharti moja ambalo lilitushangaza tulipolisikia mara ya kwanza. Kipande kikichukuliwa kutoka tawi la pembeni, mti utakaotoka utatambaa pembeni siku zake zote, hata ukiufunga kwenye mti ulionyooka. Hauwezi kusimama. Lazima kichukuliwe kutoka chipukizi lililokuwa likielekea juu.

Na kuna wakati wa kung'oa. Ugonjwa wa mnyauko wa kahawa uliirudia kaskazini-mashariki ya nchi yetu katika miaka ya 1980, ukaangamiza mashamba, na mwaka 1993 ukatambuliwa Uganda. Husababishwa na kuvu inayoingia kupitia majeraha ya shina. Majani huanza kunyauka upande mmoja, kisha mti wote hufa, na hakuna dawa ya kuuponya. Panga lililokata mti mgonjwa likakata mzima bila kupitishwa motoni huupeleka ugonjwa huko. Mti ulioshikwa hung'olewa na mizizi yake na kuchomwa palepale, bila kuburutwa kiwanjani, wala kuni zake hazipelekwi kwa jirani. Wapo wanaouonea huruma na kungoja. Huruma hiyo huwapokonya jirani miti yao.

Kuhusu altare tutasema machache. Maelekezo Makuu ya Misale ya Kirumi, namba 305, yanataka maua yawe na kiasi, tena yapangwe kuizunguka altare kuliko kuwekwa juu yake. Wakati wa Majilio yapunguzwe. Wakati wa Kwaresima yasiwepo kabisa, isipokuwa Jumapili ya nne, ile ya furaha, na siku za sherehe na sikukuu. Maua ya plastiki yanayoletwa kutoka Kisangani hayajui kalenda hiyo. Hukaa mwaka mzima, hukusanya vumbi, na Pasaka ikifika hayana jambo jipya la kusema. Hatuwahukumu wanaoyanunua, maana walitaka kanisa lisikae tupu. Lakini fedha ya vijana iliyokwenda kwenye plastiki ingeweza kununua mapanga mawili ya kupogolea.

Tulisema kwamba swali la mihogo halijamalizika. Tumelifikiri sana, na tunadhani nyuma yake kuna swali jingine ambalo mwenzetu hakulitamka. Mihogo humlipa mtu ndani ya mwaka. Kahawa iliyopandwa leo itaonyesha ua la kwanza baada ya miaka kama mitatu, na uzio mzuri wa hibiskusi unataka mtu wa kuukata kila baada ya miezi michache, mwaka hata mwaka. Kichaka cha maua kinamtaka mtu atakayekuwepo. Na sisi vijana wa Isangi, tukisema kweli, wengi wetu hatukusudii kuwepo. Kila boti kubwa la mbao linalopanda kwenda Kisangani, mwendo wa kilomita kama 125, hubeba mmoja wetu: huyu anakwenda Chuo Kikuu, huyu anakwenda machimbo ya almasi, huyu anakwenda tu. Nyumba wanazoziacha hutambulika kwa uzio wao.

Tunamjua koko mmoja ambaye wanawe wote wako mbali. Uzio wake ulikuwa umepanda kupita dirisha, na miti yake mitatu ya kahawa, iliyopandwa na marehemu mumewe, ilikuwa imezeeka: matawi marefu yasiyofikiwa na mkono, kuvu nyeupe kwenye magome, kahawa ya kujaza kikombe tu. Jirani alimshauri aing'oe apande mihogo. Hakuwa jirani mbaya. Koko alikataa, akasema kwamba miti hiyo ndiyo inayoonyesha mpaka ulipo, na kwamba siku wanawe watakaporudi hakuna karatasi itakayowaonyesha. Kisha akaongeza, kama mtu anayesema jambo dogo, kwamba wiki ile ya maua huwa anahamishia mkeka wake huko nyuma na kulala mchana chini yake.

Tumekuwa tukisoma pamoja barua ya nabii Yeremia kwa waliohamishwa kwenda Babeli, sura ya 29. Watu wale walitaka kuambiwa kwamba watarudi kesho. Nabii akawaambia wajenge nyumba na kukaa, wapande bustani na kula matunda yake, na wautafutie amani mji walimo. Waliambiwa wapande katika nchi wasiyoichagua. Sisi tuko katika nchi yetu na tunasita kupanda. Katika majadiliano yetu wengine walisema kwamba kuondoka si dhambi, na ni kweli. Abrahamu aliondoka, na mtoto mwenye akili hana budi kwenda palipo na shule. Dada mmoja aliyerudi likizo kutoka Kisangani alitueleza kwamba alipokwenda alichukua vipande vitano vya hibiskusi ya mama yake, vimefungwa katika jani la mgomba lililolowa, na kwamba sasa vitatu vinachanua mbele ya chumba anachopanga huko Makiso. Mwenye nyumba alimwuliza kwa nini anajisumbua katika mahali pasipo pake. Hakutuambia alijibu nini. Alituambia kwamba mpangaji mwenzake aliomba tawi.

Hayati Papa Fransisko, katika waraka wa Laudato Si' wa mwaka 2015, namba 12, alikumbusha kwamba Mtakatifu Fransisko wa Asizi aliomba sehemu ya bustani ya konventi iachwe bila kulimwa, ili maua na majani ya mwituni yaote, na anayeyaona ainue moyo kwa Mungu. Tukumbuke kwamba ndugu wale walikuwa maskini, wenye kuombaomba chakula. Hakusema bustani yote iwe hivyo. Alisema sehemu.

Kwa koko tulikwenda Jumamosi tatu. Uzio ulishushwa hadi usawa wa kiuno. Matawi yaliyokatwa tuliyagawa vipande, na nyumba kumi na moja zikapata. Kuhusu kahawa, tulifuata njia ambayo wakulima wa zamani wa hapa waliijua vizuri: mti mzee haung'olewi, hukatwa kisiki. Panga hupitishwa kwanza motoni. Shina hukatwa kwa mshazari, kiasi cha sentimita 30 hadi 40 kutoka ardhini, ili maji ya mvua yateleze yasikae juu ya jeraha. Baada ya miezi michache kisiki hujaa machipukizi. Huachwa mawili au matatu yenye nguvu, yaliyoko pande tofauti, na mengine huondolewa. Maua hurudi baada ya miaka miwili hivi. Na hatukuikata yote mitatu kwa pamoja. Tulikata mmoja, ili mingine miwili izidi kuchavushana na koko asikose kivuli cha mkeka wake. Wa pili utakatwa mwakani, wa tatu mwaka unaofuata. Katikati ya mistari, palipopata jua sasa, tulipanda mihogo.

Koko alisimama akitutazama, kisha akauliza: "Wajukuu, huo wa tatu atakuja kuukata nani kati yenu?" Tulikuwa vijana tisa. Wawili wanamaliza mtihani wa Serikali mwaka huu. Mmoja ameshapata nauli. Tulitazamana, na hatukumdanganya.

Wiki iliyopita tulihesabu machipukizi kumi na manne kwenye kisiki cha kwanza. Tumebakiza matatu. Msichana wa jirani yake koko, wa miaka kumi na mmoja, ndiye aliyeshika panga dogo na kuondoa mengine, akiuliza kila mara kama hili linaelekea juu au linaelekea pembeni.